Miaka Yangu Nyuma ya Mandolini ya Dona Celina

Neema aliniomba niandike haya kwa Kiswidi, maana ndiyo lugha anayoisoma bila kusogeza midomo. Nimekataa. Nimeandika kwa Kiswahili. Akikwama amuulize mama yake, na mama yake akikwama wanipigie simu, kwani tangu nistaafu nina nafasi ya kutosha. Neema ndiye aliyeketi sasa kwenye kiti changu cha gitaa, na kuna vijana wenzake wawili watatu wanaokuja nyuma yake. Nawaandikia wao. Mambo ya mikataba na vyeo siyagusi. Hayakuwa marefu, na hayamsaidii mtu aliyeshika gitaa.

Kwanza kazi yenyewe. Choro, ambayo wenyewe Wabrazili wanaitamka "shoru", ni muziki usio na maneno. Wimbo una sehemu tatu, na kila sehemu ina ufunguo wake, yaani sauti ya nyumbani inakotoka na kurudi. Mandolini ndiyo inayobeba wimbo. Gitaa la nyuzi saba, ambalo ndilo lilikuwa langu, linatembea chini kwenye besi. Pembeni kuna gitaa dogo la nyuzi nne la kukata mapigo, halafu kuna tari. Wapigaji wanakaa kuzunguka meza na kutazamana wao kwa wao, na wasikilizaji wakitaka kuona nyuso zetu itabidi wazunguke. Karatasi ya muziki haipo mezani. Vikombe ndivyo vilivyopo.

Na kuna desturi moja ambayo msipoielewa hamtaelewa lolote katika haya ninayoyaandika. Mwenye mandolini hasemi anapiga wimbo gani. Hasemi ufunguo gani. Anaanza tu, nanyi mnamfuata kwa masikio. Tena akiwa katikati, akijisikia, anaweza kuuhamisha wimbo mahali ambapo hukutarajia, makusudi kabisa, ili akuangushe. Ukipotea, meza nzima inacheka, halafu mnaendelea. Kuangushwa si kuonewa. Mtu asiyekuona kama mpigaji hatajisumbua kukuangusha.

Mimi sikuyajua hayo siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Nakuru, ambako nilipiga gitaa kwenye bendi ya hoteli, nikamfuata mke wangu aliyekuja Stockholm kusomea uuguzi. Yeye akapata kazi hospitalini Flemingsberg, tukapata nyumba Jordbro, nami nikawa napiga gitaa kwenye harusi za Wakenya na kwenye kwaya ya kanisa moja huko Spånga. Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, nikasikia kitu chumba cha pili. Kilikuwa kinakimbia kama mtoto anayeteremka ngazi, lakini hakianguki. Nikafungua mlango. Mama mmoja mfupi, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha kijani, alikuwa ameishikilia mandolini juu ya tumbo lake na mkono wa kulia hauonekani kwa kasi.

Aliniona na gitaa. Akasukuma kiti kwa mguu, akasema kwa Kiswidi, "Kaa."

Nikakaa. Nikauliza kwa adabu zote za mtu aliyelelewa na bendi ya hoteli, "Tunapiga ufunguo gani?"

Meza nzima ilicheka mpaka mwenye gitaa dogo, Mswidi mmoja mrefu anayeitwa Lennart ambaye hacheki hovyo, akavua miwani aipanguse. Yule mama akainamia mandolini. Akaanza. Sehemu ya kwanza nilimkamata, ya pili nilimkamata kwa mkia, ya tatu sikujua niko wapi. Nilipoinua uso alikuwa ananiangalia kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepokea mgeni.

"Jumamosi ijayo," akaniambia.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Njiani kurudi Jordbro nilikuwa na hasira, na nilipofika nyumbani nilifanya mazoezi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Yule mama, Dona Celina, yaani Bi Celina kwa Kireno, alizaliwa kwenye kitongoji cha Rio kilicho kando ya reli. Wanaume wa mtaa wao walipiga choro uani kwao kila Jumapili, na wasichana kazi yao ilikuwa kahawa. Aliniambia alikuwa akichelewesha kahawa makusudi, ili akae jikoni ausikilize wimbo mpaka mwisho, na baba yake akadhani bintiye ni mvivu. Siku aliyoomba mandolini ya mjomba wake aijaribu, akapiga wimbo mzima wenye sehemu zote tatu, na kahawa ikaungua. Hiyo hadithi ameisimulia mara nyingi na kila mara kahawa inaungua zaidi. Alikuja Stockholm kwa ndoa na Mswidi. Ndoa iliisha, mandolini ikabaki, naye akabaki nayo.

Nataka mjue ugumu wa alichokifanya. Mji huu ulitaka kutoka kwake kitu kimoja tu: samba, manyoya na kiuno. Wenye mikahawa walimwambia hivyo wazi. Yeye alikuwa anaingia amevaa sweta la sufu na viatu vya theluji, anakaa, anapiga muziki ambao hakuna aliyeuagiza, na mpaka wanaleta kahawa, watu wameacha kuongea. Nimeona hivyo Spånga, nimeona Jordbro kwenye ukumbi wenye mwangwi wa kuchukiza, nimeona kwenye maktaba ambazo hata majina nimesahau. Mchana alifundisha watoto wa Kiswidi mandolini, watoto waliokuwa wanataka kujifunza kitu kingine, na wengi wao wakaja kuaga wakilia. Sijaona mtu mwingine anayefanya kazi namna hiyo, na nimefanya kazi na watu wengi.

Vifaa vyake nitavieleza, kwa sababu mtavihitaji. Mandolini ya Kibrazili ina mgongo bapa na tumbo pana, nyuzi nane zikiwa jozi nne. Adui yake hapa si baridi bali ni joto la ndani. Ukitoka kwenye baridi usifungue kasha mara moja. Liweke chumbani limefungwa, unywe kahawa taratibu, halafu ndipo ufungue. Majira yote ya baridi alikuwa anaweka ndani ya kasha kipande cha sifongo kibichi ndani ya kopo la sabuni lililotobolewa matundu. Mwaka mmoja alisahau, na ubao wa mbele ukapasuka mchana wa onyesho, mbele ya wastaafu waliokwisha kukaa. Akaomba gundi, akakosa, akaomba plasta ya kidonda, akaibandika juu ya ufa, akapiga saa nzima. Wazee wakadhani ni mapambo. Piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, hakununua dukani. Alikata kutoka kwenye kadi za treni zilizokwisha muda, akalainisha ukingo kwa tupa ya kucha. Nilijaribu kununua za dukani nikamletea zawadi. Alinishukuru sana na sikuziona tena.

Mwenye tari alikuja baadaye kidogo. Papa Ilunga ni mtu wa Lubumbashi, anakaa Jordbro jengo la pili kutoka kwangu, na kwa bahati treni ya Jordbro inakwenda Spånga moja kwa moja, kwa hiyo tulikuwa tunabishana njia nzima, naye akaniita Mwalimu, jina lililonibakia mezani. Tari lake linaongea. Lakini yeye na mimi tulipoungana mezani tulianza ujanja ambao naona hakuna wapigaji wengine wa choro duniani wangeufanya. Dona Celina alipokaribia kuhamisha wimbo, yule aliyemuwahi alimnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili. "Anapanda." "Anarudi nyumbani." "Anakwenda kule kubaya." Msimu mzima hakutuangusha. Lennart, maskini, aliendelea kuanguka peke yake.

Jumamosi moja nikanong'ona, "Papa, anapanda," na Dona Celina, bila kuinua macho kwenye mandolini, akasema, "Hapana, Mwalimu. Mi nashuka." Akashuka. Tukaanguka wote wawili kwa kishindo. Kumbe alikuwa anajifunza Kiswahili kwa mke wa Papa Ilunga, jikoni kwao, tangu mwanzo wa msimu, kwa ajili hiyo tu. Na kwa kuwa alijifunzia huko, mpaka leo Kiswahili chake ni cha Lubumbashi kabisa, kimechanganyika na Kireno, na akigomba hakuna wa kumweza.

Miaka ikaenda hivyo. Naruka mingi, kwa sababu miaka mizuri ya kazi inafanana. Nije kwenye ule wa mwisho.

Dona Celina alianguka kwenye barafu nje ya kituo cha Spånga, kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Plasta ngumu ilipotolewa, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vizito. Akapewa mpira wa kufinya, akawa anaufinya kila mahali, hata anapopanga foleni dukani. Sote tulijua kilichokuwa hatarini hapo. Dona Celina hakuwa na mtoto, na alikuwa amekwisha kustaafu kufundisha watoto isipokuwa somo moja moja. Meza ya Jumamosi ndiyo ilikuwa maisha yake. Kama vidole visingerudi, sikujua angeamkia nini.

Aliporudi mezani, Papa Ilunga alinishika mkono tukiwa bado kwenye treni. "Mwalimu, tumusaidie kidogo. Mukono yake haiyapona. Doucement, doucement."

Polepole, alikuwa anamaanisha, nami nikaona ana akili. Nikamwambia na Lennart, naye akatikisa kichwa kukubali. Basi tukafanya kile ambacho watu wenye upendo wangefanya popote. Papa Ilunga alishusha kasi ya tari kidogo kidogo. Mimi nikaiweka besi yangu wazi, bila mikimbio wala mitego. Lennart, ambaye katika miaka yote hajawahi kumwambia mtu ufunguo, akasema kwa sauti ya upole, "G, sivyo?" Dona Celina alipiga wimbo mzima bila kukosea. Tukapiga makofi. Hatukuwahi kupigiana makofi mezani.

Akafungua kasha, akalaza mandolini, akafunika kwa kitambaa. "Merci, ba papa," akatushukuru. "Njo mwisho."

"Njo" ni "ndiyo" ya Lubumbashi, nasi tulidhani anamaanisha mwisho wa siku. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Simu haikupokelewa. Neema, ambaye alikuwa anajifunza kwake kumfuata kwa gitaa, alirudi amenuna. Alinijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, halafu akaona jambo lenyewe ni zito, akahamia Kiswahili. "Anko, amesema hatapiga tena na watu. Atafundisha tu. Amesema mandolini ataipa shule."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu kwamba msimu ule ndio wangu wa mwisho. Nikaahirisha. Sikuweza kuondoka kwenye kiti nikamwacha yeye amekwisha kuondoka kabla yangu, na sababu ikiwa ni sisi.

Nikaenda kwake, Spånga, peke yangu na bila gitaa. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa na keki ya unga wa mahindi. Mandolini ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kasha. Tuliongea habari za magoti ya Papa Ilunga, tukaongea habari za wajukuu wangu wanaonijibu kwa Kiswidi, mpaka habari zikatuishia.

"Dona Celina," nikasema, "tumekukosea nini?"

Aliweka kikombe chini. "Mulinipigia muziki ya bagonjwa."

"Tulitaka mkono upumzike."

"Mukono njo mugonjwa. Mi si mugonjwa." Akakisukuma kikombe mpaka katikati ya meza. "Miaka yote munanikimbiza, mi nawakimbiza. Siku moja munanitembeza kama bibi ya kuvuka barabara. Lennart ananiambia ufunguo! Lennart!"

Hapo kidogo nicheke, nikajizuia. Nikaona sasa kile tulichofanya. Tulikuwa tumemtoa mezani kabla vidole vyake havijaamua.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia.

"Nikikuja, mutanifanya nini?"

Nilifikiri kwanza. Ningeweza kumwambia maneno mengi mazuri, na yote yangekuwa ya hospitali. "Tutapiga kwa kasi yetu," nikasema. "Mkono ukikataa, tutakuacha nyuma."

"Mutaniacha?"

"Tutakuacha, Dona Celina."

Akachukua kisu cha keki. "Unaapa?"

"Naapa."

Akanikatia kipande kingine cha keki. Kwenye treni ya kurudi nilijiuliza nimemwahidi nini yule mama, na kama nitaweza.

Jumamosi alikuja. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha kichwa anachovaa kwenye maonyesho makubwa. Neema alikuwa amekaa ukutani na watu wachache wa kwaya waliokawia. Nilikuwa nimewaambia Papa Ilunga na Lennart nilichoapa, na Papa Ilunga hakupenda. "Ukimuacha na yeye akilia?" aliniuliza. Nikamwambia basi atalia akiwa mpigaji.

Hakuna aliyesema ufunguo. Akaanza, na akaanza na ule wimbo mgumu kuliko zote anazozijua, mkali tangu mwanzo. Nikamtupia besi yenye kila kitu nilichokuwa nimemnyima mara ile. Papa Ilunga akafunga macho, tari likakimbia. Sehemu ya kwanza ikapita. Sehemu ya pili ikapita, nikaona jasho kwenye paji lake. Katika sehemu ya tatu, pale wimbo unapopanda na kidole kidogo kinapaswa kunyooka mpaka mwisho wa shingo ya mandolini, kidole kilikataa. Noti ikafa. Akajaribu iliyofuata, ikafa. Mkono ukatoka kwenye nyuzi.

Papa Ilunga alinitazama. Macho yake yalikuwa yanaomba. Nami nawaambieni ukweli, nilitaka kusimamisha. Ningetoa chochote nipate kusimamisha. Lakini nilikuwa nimeapa, basi nikakaza, nikamwendea mbele, na tari likanifuata, na Lennart akafuata. Tulikuwa watu watatu tunapiga ganda la wimbo, wimbo wenyewe haumo ndani yake, na mwenye wimbo amekaa katikati yetu, mandolini mapajani, ameinamisha kichwa.

Halafu akapiga mluzi.

Alianza pale pale ambapo wimbo ungekuwa umefika, bila kupoteza pigo hata moja. Mluzi mwembamba, safi, wenye mikimbio yote. Papa Ilunga alipiga ukelele. Mimi nilikuwa nacheka huku nikipiga, na machozi yananitoka, wala sioni haya kuandika hivyo.

Hapa niwape vijana siri ambayo wapigaji wa gitaa hatuisemi. Tunajisifu kwamba tunafuata kwa masikio. Ni kweli nusu. Nusu nyingine tunaangalia mkono wa kushoto wa mwenye mandolini. Kabla hajauhamisha wimbo, vidole vinajipanga, kiwiko kinasogea, nawe unajua kidogo kabla ya sikio kujua. Miaka yote ile niliyosimama imara mbele ya Dona Celina, nilikuwa nasoma mkono wake.

Sasa mkono ulikuwa umelala mapajani. Mdomo hauna kiwiko. Alitupeleka mpaka karibu na mwisho, tukiwa tumelegea kwa furaha, akavuta pumzi, akauhamisha wimbo mahali ambapo sijamsikia mtu yeyote akiupeleka, wala yeye mwenyewe, wala mpaka leo sijapajua vizuri. Lennart akaanguka wa kwanza. Mimi nikashika besi moja, ya pili, zote za uongo, nikaanguka. Papa Ilunga, ambaye tari lake halina ufunguo wa kukosea, alichanganyikiwa kwa ajili yetu akaanguka bila sababu. Dona Celina akaendelea peke yake, akaumaliza wimbo kwa utulivu, akafuta midomo kwa kitambaa.

Alituangalia mmoja mmoja. Tulikuwa hoi. Neema alikuwa amesimama ukutani mikono kichwani.

Dona Celina akaichukua mandolini, akakunja na kukunjua vile vidole viwili, akauanza wimbo ule ule toka mwanzo, kwa kasi ile ile. Safari hii mkono ulikataa mapema zaidi. Hakuna aliyemngojea, naye hakumngojea mtu; alikuwa amekwisha kushika mluzi.